Kilichoning'inia Nyuma ya Kichwa

Kwanza ieleweke kwamba Celestine hakuwa mpiga picha. Alikuwa fundi cherehani pale Nyaramba, mama wa mtoto mmoja, Msabato asiyekosa kanisani, na kamera alikuwa nayo kwa miezi minne tu. Ilikuwa ya mitumba, nyeusi, mkanda wake umechanika na kushonwa kwa uzi wa suruali. Lakini ukionekana na kamera Nyaramba hakuna anayekuuliza umesomea wapi. Unaitwa, unakwenda.

Mara ya kwanza aliitwa kwenye ubatizo, na huko ndiko alikoaibika. Picha kubwa ya siku ile, pasta amenyoosha mikono na uso umetulia, ilikuwa na nguzo ya hema iliyomwotea pasta katikati ya utosi. Kanisa zima liliiona. Wazee wakakohoa ili wasicheke. Binti yake Bitutu, mwenye miaka kumi na minne na ulimi wa mtu wa arobaini, alimwita Mama Nguzo wiki nzima.

Ndipo alipokwenda Kisii mjini kwa Ayan, mwanamke mwembamba wa Kisomali mwenye studio ndogo ghorofani. Ayan alizaliwa hapo hapo Kisii, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wagusii wengine wa mjini. Alitazama picha ya pasta kwa muda mrefu bila kutabasamu.

"Kosa si lako peke yako," alisema. "Kila anayeanza huangalia uso. Uso unakushika mpaka huoni kingine. Kabla hujabonyeza, zungusha jicho pembe zote nne za picha. Halafu jiulize, nyuma ya kichwa kuna nini? Kama kuna kitu, sogea wewe. Ikishindikana, msogeze mtu. Ikishindikana hiyo pia, kitoe hicho kitu."

"Na mwanga ukiwa kidogo?"

"Shusha pumzi, izuie, ubonyeze. Mkono hautatikisika."

Celestine aliyashika maneno yale, na kwa sababu ya aibu ya nguzo akapitiliza. Alianza na Bitutu. Kila jioni alimkalisha mlangoni, akaondoa ndoo, akaondoa ufagio, akaondoa kuku. Mtoto naye akalishika somo kuliko mwalimu, akawa anampiga mama yake picha kwa simu huku akiimba, pembe nne, pembe nne. Kwenye harusi Celestine alihamisha viti vya wageni, na siku moja alificha mkongojo wa babu ya mtu mpaka mzee akakwama kwenye kiti. Watu walicheka, lakini picha zilikuwa safi. Kufikia mwezi wa nne alikuwa anajulikana mpaka Magwagwa: yule mama asiyebonyeza mpaka ametoa kila kitu nyuma yako.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Persis.

Alikuja siku ya Alhamisi, mwanamke wa makamo, sweta jekundu, macho ya mtu asiyelala. Alisimama mbele ya cherehani bila kuketi.

"Ni wewe unayetoa vitu nyuma ya watu?"

Celestine akacheka. "Ni mimi. Karibu, mama."

"Mama mkwe wangu ni mgonjwa. Hana picha hata moja, hakutaka kupigwa. Siku ikifika, tutaweka nini mbele ya jeneza?"

Hilo halikuhitaji maelezo. Kumzika mtu mzima bila picha yake mbele, kana kwamba hakuwa na watu, ni aibu ambayo ukoo hausahau. Celestine aliuliza nyumbani ni wapi. Gesima, juu kwenye majani chai. Lini?

"Kesho jioni. Dirisha lake linapata mwanga jioni. Lakini kabla jua halijatua, Sabato isitukute."

Celestine alifurahi. Hatimaye alikuwa amempata mteja anayejua mwanga. Hakujiuliza Persis amejuaje kwamba mwanga ni jambo la kumvutia mpiga picha.

* * *

Ijumaa mvua ilinyesha saa nane kama kawaida yake, ikakatika saa kumi. Bitutu alimfungia mama yake mkanda wa begi begani.

"Usichelewe, Mama. Na usituletee nguzo."

Pikipiki ilimshusha kwenye kibanda cha kupimia majani chai, na kijana aliyeiendesha akaahidi kurudi baada ya nusu saa. Celestine akapanda njia nyembamba katikati ya michai. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu, taratibu... Hakusikia mbwa. Hakusikia redio. Boma la watu Ijumaa jioni, kila mtu anapika mapema na kuoga mapema, huwa na kelele. Hili lilikuwa kimya.

Watu watatu walikuwa wamesimama uani. Persis, sweta lile lile. Mumewe Omwenga, mwanamume mrefu aliyelazimika kuinama kila alipopita chini ya ukingo wa mabati. Na Gladys, mke wa mdogo wake Omwenga, aliyeinua mkono kusalimia akaurudisha kabla haujagusa mkono wa Celestine.

"Yuko ndani," alisema Omwenga. "Anakusubiri."

Nyumba ya bibi ilikuwa ya chumba kimoja, pembeni, imepakwa udongo. Harufu ilimpokea mlangoni. Moshi, blanketi lenye jasho, na chini yake kitu kingine... udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Bibi mwenyewe, Nyakerario, alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mbao karibu na ukuta, dirisha upande wake wa kushoto. Alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu. Shingo ilikuwa imepinda mbele, kidevu karibu kifuani. Lakini mwanga ulikuwa ule ule aliousema Persis. Ulimwangukia shavu moja, ukaacha lingine kivulini, na mikunjo yote ya uso ikaonekana. Celestine alisahau harufu. Alisahau kimya cha uani.

"Magokoro, bibi yangu," alisema kwa heshima, "nimekuja kukupiga picha."

Pumzi ya kikongwe ilikuwa inatoka kwa shida, inakwaruza, inasimama, inaanza tena.

"Miezi saba hali kitu ila uji," Persis alinong'ona nyuma yake. "Hospitali walisema wiki mbili. Roho haitoki."

Celestine akainua kamera. Akazungusha jicho pembe nne. Akatazama nyuma ya kichwa.

Kulikuwa na kitu.

Juu kidogo ya utosi wa bibi, kwenye msumari, kilikuwa kimening'inia kifuko cha ngozi. Cheusi, ukubwa wa ngumi mbili, kimefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba. Kwenye kioo cha kamera kilikuwa kimekaa sawasawa juu ya kichwa, kama kimeotea pale. Nguzo ya pasta ilimrudia Celestine na masikio yakamchoma. Akapiga hatua mbili kushoto.

Kifuko kilikuwa bado katikati ya utosi.

Akaenda kulia mpaka bega likagusa ukuta. Bado. Akachuchumaa. Bado. Hapo mtu angesema mwalimu hakumfundisha vizuri, kwa maana mtu ukimzunguka, kilicho nyuma yake lazima kihame. Celestine alijua hivyo. Alishusha kamera akatazama kwa macho yake: msumari uko pale, kichwa kiko hapa, kuna nafasi ya kutosha kati yavyo. Akainua kamera. Hakuna nafasi.

"Tumsogeze kidogo," alisema.

"Hawezi kusogezwa," Omwenga alijibu kutoka mlangoni. "Akiguswa analia."

"Basi mnitolee hicho kifuko. Nikimaliza mtakirudisha."

Gladys aliangalia chini. Persis alimeza mate, na Celestine akasikia akiyameza.

"Sisi hatufiki huko juu," alisema Persis.

Omwenga alikuwa amesimama pale pale, utosi wake unakaribia mabati. Angekifikia kifuko kile bila kunyoosha mkono. Celestine aliliona jambo hilo. Aliliona vizuri kabisa, na bado hakuliona, kwa sababu jua lilikuwa limebaki vidole viwili juu ya kilima na mwanga ule haungerudi. Alikuwa amesubiri miezi minne apate uso kama ule.

Akavuta kigoda. Akapanda. Akanyoosha mkono.

Kilikuwa na joto.

Na kilikuwa kizito kuliko ukubwa wake, uzito wa kuku aliyechinjwa sasa hivi. Celestine alikishusha kwa mikono miwili, na nyuma yake akasikia watu watatu wakipumua kwa pamoja, kama wamekuwa wakijizuia tangu asubuhi. Persis alianza kulia kimya kimya. Si kilio cha huzuni. Celestine alikijua kilio kile, ndicho alicholia yeye siku daktari alipomwambia Bitutu hana homa ya uti wa mgongo.

"Umekitoa mwenyewe," alisema Omwenga. "Tumeona. Hakuna aliyekulazimisha."

Wakatoka wote watatu, mlango ukafungwa. Komeo likaingia kwa nje.

"Jamani, mbona mnafunga?"

Aligonga mbao kwa kiganja.

"Baba, fungua. Nahitaji mwanga wa mlango."

Hakuhitaji mwanga wa mlango. Alikiweka kifuko juu ya meza kwa haraka, akajifuta mikono kwenye sketi, akausukuma mlango. Haukutikisika. Dirisha lilikuwa na vyuma. Aliona mashamba ya chai yakipotea mstari mmoja baada ya mwingine ndani ya ukungu.

"Mwanangu."

Kikongwe alikuwa ameinua kichwa. Shingo iliyokuwa imepinda ilikuwa imenyooka. Macho yalikuwa wazi, meusi, hayana ugonjwa wowote.

"Nami nilikuwa na umri wako," Nyakerario alinong'ona kwa Ekegusii. "Mama mkwe aliniambia utando wa buibui umejaa ukutani. Nilikuwa nafagia tu."

"Bibi, ni nini hiki?"

"Sijawahi kukifungua. Kina kazi zake, nami nilizifanya, na wengine walizikwa kwa ajili yangu..." Pumzi ikakatika, ikarudi. "Hakichukuliwi kwa nguvu. Hakitupwi. Hakiachwi kwa wosia. Mpaka mtu akitoe ukutani mwenyewe, kwa mkono wake, na hajui. Wake za wanangu walijua. Miaka yote hawakufagia ukuta huu."

Celestine alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Una binti?" aliuliza kikongwe.

"Ninaye."

Lilimtoka kabla hajafikiri, kama mtu anavyojibu mkubwa wake. Alitamani kulirudisha neno lile kinywani alitafune.

Nyakerario akatikisa kichwa polepole, na usoni mwake kukawa na huruma ya kweli. "Mbuya mono," alisema. Asante sana. "Sasa nipige picha yangu. Nimechoka kusubiri."

Na Celestine akainua kamera. Mtu atauliza kwa nini. Alikuwa amefungiwa, na kamera ndiyo pekee aliyojua kuishika. Akalenga jicho lililo karibu na dirisha. Pembe nne zilikuwa safi. Nyuma ya kichwa, ukuta mtupu. Akashusha pumzi. Akaizuia. Akabonyeza.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Aliitazama kwenye kioo, na kwa sekunde moja, ndani ya chumba kile, alijivunia. Kisha akavuta pumzi.

Mle chumbani hiyo ilikuwa pumzi pekee.

Kikongwe alikuwa anamtazama bado. Kifua hakipandi, hakishuki. Na kabla Celestine hajasema neno kwa mtu yeyote, uani wanawake walianza kuomboleza.

* * *

Omwenga alifungua komeo bila kumtazama usoni.

"Toka na vyako."

"Kifuko kiko mezani."

Omwenga akatazama mezani. Celestine naye akatazama. Palikuwa na kikombe cha uji na kijiko.

Alishuka kilima nusu akikimbia. Begi lilikuwa zito, na alijua kwa nini, ingawa hakuwa amelifungua. Kwenye kona ya kwanza alilivua na kulitupa katikati ya michai, kamera na kila kitu. Akashika njia ya kwenda kwenye kibanda. Alitembea. Alitembea zaidi ya ilivyompasa. Ukungu ukafunguka kidogo na mbele yake kukawa na kona ile ile, na begi lake limetundikwa kwenye tawi la mkaratusi, juu kidogo ya kichwa chake.

Akageuka akaenda njia nyingine, akipasua katikati ya mistari, majani yaliyolowa yakimpiga magoti. Alisikia pikipiki ikimpigia honi, chini upande wa kushoto. Akaifuata. Honi ikalia upande wa kulia. Akaifuata. Ikalia nyuma yake. Mbele kulikuwa na mkaratusi, na begi.

Mara ya tatu aliketi chini akalia. Giza lilikuwa linaingia na Sabato ilikuwa imeanza, na kwao Bitutu alikuwa ameweka sufuria mezani na kufungua kitabu cha nyimbo peke yake. Celestine akasimama, akanyoosha mkono, akalishusha begi.

Kibanda kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Kijana wa pikipiki alikuwa amewasha taa. "Mama, nimepiga honi mpaka nimechoka," alisema. "Nilikuona umesimama tu hapo chini ya mti."

Nyumbani alilimwaga begi sakafuni. Kamera. Kitambaa cha kufutia lenzi. Kifuniko. Hakukuwa na kingine. Alimshukuru Mungu kwa sauti, na Bitutu, aliyekuwa amekasirika kwa kusubirishwa, akasahau hasira na kumshika mkono. Shingo tu ndiyo iliyokuwa inamuuma. Alifikiri ni baridi.

Jumatatu alimpelekea Ayan ile picha, ili aisafishe na kuituma Gesima. Ayan aliisogeza karibu na dirisha, akazungusha jicho pembe nne.

"Umefika, dada," alisema. "Kaa hapo. Nataka picha yako niiweke ukutani pamoja na za wanafunzi wangu."

Celestine aliketi mbele ya kitambaa cheupe. Ayan akainua kamera, akaishusha. Akasogea kushoto. Akaenda kulia. Akachuchumaa. Celestine alikuwa anamtazama akifanya hayo yote.

"Kuna nini nyuma yako?" Ayan aliuliza. Alitazama kitambaa kwa macho, kikiwa kitupu. Akatazama kwenye kamera. Midomo yake ikaanza kusoma dua kimya kimya. Akapiga hatua mbele, mkono umeanza kunyooka...

"Usikiguse. Ayan, nakuomba. Usikiguse."

Ayan aliurudisha mkono.

Tangu hapo Celestine hakupigwa picha. Kamera aliifungia sandukuni, akamwambia Bitutu kwamba imeharibika. Simu alimkataza kuishika, bila kumweleza sababu, na sababu angeelezaje? Alifagia sakafu yake mwenyewe. Kuta hakuzifagia. Shingo ilizidi kuinama. Kufikia wiki ya tatu hakuweza kugeuka kutazama nyuma, alishona kidevu kikiwa karibu kifuani, na majirani wakamwambia apunguze kazi. Kila alipotulia alihisi juu ya utosi wake kitu chenye joto, kikingoja kupewa kazi. Alimkumbuka kikongwe wa Gesima akahesabu miaka aliyokaa nacho. Ilikuwa zaidi ya hamsini. Aliogopa, lakini zaidi ya kuogopa alikuwa amechoka, uchovu wa mtu anayebeba asichoweza kukitua.

Jumapili moja, jua likielekea kutua, alikuwa kwenye cherehani, mgongo umeelekea ukutani. Alisikia simu ikibofya.

"Bitutu, nilisema nini?"

"Moja tu, Mama. Umekaa vizuri leo, mwanga uko upande mmoja tu." Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, jicho moja limefungwa, anazungusha lingine pembe nne jinsi alivyofundishwa. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Kisha akaishusha simu, akatazama ukuta kwa macho yake mawili.

"Mama, hicho kifuko cha ngozi umekitundika lini?"

Celestine alijaribu kugeuka. Shingo ilikataa. Alisikia kigoda kikiburutwa sakafuni, kikagonga ukuta nyuma yake, na miguu ya mwanawe ikipanda.

"Kinakuharibia picha," alisema Bitutu juu ya kichwa chake. "Tulia, nakitoa."

Alifungua kinywa amkataze. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Ila pumzi alikuwa ameizuia, kama mtu anayengoja kubonyeza, na katika muda huo mdogo alifikiria jinsi ambavyo angelala.

Halafu shingo yake ikawa nyepesi. Kichwa kikainuka chenyewe, bila maumivu, na Celestine, Mungu amsamehe, akashusha pumzi.

"Mama," alisema Bitutu nyuma yake, "mbona kina joto?"